Miaka tisa napiga kinanda kwa sikio na transpozi. Nadharia ya muziki ni ya lazima?

Kinanda wa Nkuhungu

Wakuu, mbukwenyi.

Nipo Dodoma mjini, Nkuhungu. Mchana ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, jioni tatu kwa wiki nipo mazoezi ya kwaya. Huu ni mwaka wa 9 napiga kinanda. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nyuma ya mpigaji wa zamani nikitazama vidole vyake, alipohamia Singida nikakabidhiwa kinanda pamoja na ufunguo wa kabati.

Napiga kila wimbo kwenye ki ya C, yaani C ndiyo sauti ya nyumbani ya wimbo. Mwimbishaji akianzia juu, nabonyeza transpozi mpaka kinanda kikubaliane naye, vidole vinabaki palepale kwenye vitufe vyeupe. Nyimbo zinakwenda, watu wanacheza, sikuwahi kuona tatizo mpaka mwezi wa 8 mwaka huu.

Tulikutana kwaya kadhaa kujiandaa na sherehe moja. Mwalimu mgeni akagawa karatasi za nota, sauti nne, kurasa 6. Akanigeukia: "Kinanda, ukurasa wa pili, mstari wa tatu, ki ya E bemoli." Yaani nyumbani kwa wimbo kuwe kwenye kitufe cheusi kilicho chini ya E. Nikamwomba aniimbie kwanza nimfuate. Akaimba mara moja. Kurasa 6 hazikai kichwani kwa mara moja. Basi binti wa kama miaka 17 kutoka kwaya nyingine akaketi, akapiga wimbo ambao hajawahi kuusikia tangu azaliwe, mwanzo hadi mwisho. Mimi siku ile nilibeba spika.

Kushindwa na yule binti hakukuniuma, nilimpongeza na nilimaanisha. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba miaka yote hii nilijiona naujua muziki, kumbe sijui hata kinachoitwa kuujua ni nini.

Naomba kuuliza: nadharia ya muziki hasa ni kitu gani? Ni kusoma nota tu? Na mtu wa miaka 34 aliyezoea sikio itamsaidia, au itaniharibia hata hicho nilichonacho? Rafiki yangu mmoja anasema waliosoma nota wanapiga kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Nataka majibu ya watu wanaofanya kazi hii.

Solo la Majengo

Mkuu, usijitese. Nina miaka 21 kwenye gitaa. Nimepiga solo, nimepiga rizimu, nimeshika hata bezi mwenzetu alipolazwa. Sijui kusoma nota moja. Kwenye bendi tunaambiana tu "nenda ya nne, rudi ya kwanza", mtu anasikia, anaingia. Tumepiga harusi za watu mpaka alfajiri hivyohivyo.

Na tusiende mbali. Hukwe Zawose ni Mgogo wetu. Kwa zeze na ilimba, ala ya ndimi za chuma inayopigwa kwa vidole gumba, alifika Ulaya, akarekodi na Wazungu, watu waliojaa kumbi walimsimamia. Nani alimwona na karatasi mbele yake? Muziki ni sikio na kujituma. Hiyo saa ya kusoma vidudu kwenye mistari, ipe vidole vyako.

Mwalimu wa Kwaya, Mstaafu

Kijana wangu wa Nkuhungu, swali lako nimelisoma mara mbili. Nimefundisha kwaya miaka 38, nusu yake Mpwapwa na Kongwa, sasa nimestaafu nakaa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Jibu ni refu, univumilie.

Kusoma nota ni kusoma na kuandika, basi. Bibi yangu hakujua herufi hata moja, lakini ukikosea Kigogo alikusahihisha kabla hujafunga mdomo. Sarufi alikuwa nayo kichwani. Nadharia ya muziki ndiyo sarufi hiyo: sauti ipi inaivuta sauti ipi, kwa nini wimbo ukiishia kwenye so watu wanabaki wanasubiri, ukirudi kwenye do wanatulia. Wino unakuja baadaye, na kuna watu wazito sana ambao hawakuufikia.

Ndugu wa Majengo anasema hana nadharia, halafu anatueleza wanaambiana "nenda ya nne, rudi ya kwanza". Ndugu yangu, hiyo ya nne na ya kwanza ndiyo yenyewe. Mtu anayeita kordi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa namba ameshajua kwamba kordi ni cheo ndani ya ukoo. Kwenye C, ya kwanza ni C, ya nne ni F, ya tano ni G. Hamia F: ya kwanza ni F, ya nne ni B bemoli, ya tano ni C. Ukoo umebadilika, vyeo ni vilevile. Sasa zitaje hizo tatu kwa solfa, yaani kwa majina do, re, mi, fa, so, la, ti: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Hesabu vizuri, sauti zote 7 za ngazi zimo humo. Ndiyo sababu kordi tatu zinaubeba wimbo mzima wa mavuno na kila sauti ya mwimbaji inapata mahali pa kuegemea. Wewe uliligundua hilo kwa vidole. Nadharia inakuambia ni kwa nini, na ukijua kwa nini, siku wimbo ukitoka nje ya hizo tatu hutatapatapa.

Kuhusu Zawose, aliyefariki mwaka 2003, nakataa kwa heshima zote. Iangalie ilimba. Ndimi za chuma zimepangwa juu ya ubao, na za kwake kubwa zilikuwa na ndimi nyingi mno. Ulimi ukiuvuta ukawa mrefu, sauti inashuka. Ukiusukuma ndani ukawa mfupi, sauti inapanda. Kosa la upana wa uzi linasikika. Mtu anayekaa chini na ndimi hizo zote akazipatanisha kwa sikio, huku anajua hii inaongea na ile na haigusani na ile nyingine, huyo ana nadharia iliyokamilika. Wazee wetu waliipitisha kutoka mkono hadi mkono. Kusema hakuwa nayo kwa sababu hakuwa na karatasi ni kumpunguza, na ninajua ndugu yangu hukukusudia hivyo.

Nirudi kwako na transpozi yako, maana hapa ndipo nilipofurahi. Unaona umekuwa ukidanganya miaka 9. Sikiliza. Kuna mchungaji Mwingereza, John Curwen, karne ya 19, alichukua kazi ya mwalimu mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, akaikuza ikawa mfumo wa solfa uliofika kwetu na wamisionari. Kiini chake ni hiki: do haikai mahali pamoja. Do ni nyumbani, popote wimbo ulipojenga. Wimbo ukiwa G, do ni G. Ukiwa E bemoli, do ni E bemoli, na mi inabaki mi, so inabaki so. Wewe umekuwa ukipiga C na kuihamisha nyumba yote kwa kitufe. Sikio lako tayari linafikiri kwa solfa! Umeshafika nusu ya njia na hukuambiwa.

Ila vidole vyako havijatembea. Hilo lazima ulifanyie kazi, maana kuna siku utakuta piano isiyo na kitufe cha transpozi, na kuna mpiga tarumbeta atakayekuuliza ki halisi ukamtajia C wakati kinanda kinatoa E bemoli.

Karatasi inakuwa ya lazima lini? Unapotaka wimbo umfikie mtu ambaye hayupo chumbani. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sasa tunausimamia tukiimba "Mungu ibariki Afrika". Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari, maneno na solfa. Alifariki mwaka 1905. Hakuwahi kuwaona watoto wa Tanganyika.

Nami nina daftari ambalo halikuandikwa. Kwaya yetu ya kwanza ilikuwa na mtunzi, fundi seremala, mtu mpole, sauti ya bezi. Nyimbo zaidi ya 40 zilikuwa kichwani mwake, na alitufundisha kila mmoja sauti yake kwa kumwimbia sikioni. Nilimwambia mara nyingi tukae tuandike, naye akajibu tutakaa mvua zikiisha. Alifariki mwaka 1994. Baada ya arobaini tulikutana jioni tatu mfululizo kukusanya. Sauti ya kwanza tulizipata nyingi, wanawake walizikumbuka. Sauti ya pili nusu. Bezi, ambayo mara nyingi aliishika yeye mwenyewe na wengine tukamfuata, tulipata nyimbo 11 tu. Zile nyingine zipo, zinaimbwa mpaka leo, lakini chini yake tumeweka bezi ya kubahatisha. Kila nikizisikia najua si yake.

Kwa hiyo anza. Nyumbani, zima transpozi. Chukua wimbo mmoja unaoujua mpaka ndotoni, uupige kwenye F kwa wiki nzima huku unataja solfa kwa mdomo, kisha G, kisha D. Jifunze kuandika solfa kabla ya nota za mistari: nukta mbili hutenganisha mapigo, kistari ni kushikilia sauti, mstari wa wima hutangulia pigo zito. Andika wimbo mmoja kila Jumapili. E bemoli utaikuta inakusubiri.

Sikio haliharibiki. Kuna miezi utapiga kwa ukavu kwa sababu unahesabu, kama mtu anayejifunza kuendesha gari anavyotazama gia. Wenzako wanaweza kulalamika. Usiache.

Kinanda wa Nkuhungu

Mwalimu, nimeisoma mara nne na nimempigia mke wangu kelele aje asome. Transpozi nimeizima tangu juzi. F inanitoa jasho pale kwenye B bemoli lakini inakuja.

Naongeza jambo jingine ambalo huenda ni somo hilohilo. Bibi yangu yupo upande wa Chamwino. Yeye na wenzake wana wimbo wa zamani, yeye anaanzisha na wengine wanaitikia kwa sauti mbilimbili, tatutatu. Nilimrekodi kwa simu, kwaya ikaupenda, tukataka uwe wimbo wetu wa mavuno. Nikauweka kinanda. Hapo ndipo penye shida. Transpozi niliirekebisha mpaka do yao ikakaa kwenye C, sawasawa kabisa. Lakini kuna sauti moja ya juu, nikishika B bemoli inagombana nayo, nikishika A inagombana zaidi. Sauti ya bibi ipo katikati ya vitufe. Na si mara moja, kila wakirudi pale wote wanatua palepale. Katibu wa kwaya kasema wazee masikio yamechoka, tuwanyooshe. Mimi sikukubali ila sikuwa na la kujibu.

Muheme Chamwino

Kaka, samahani naingilia. Usimnyooshe bibi. Tafadhali sana.

Mimi nimekulia kwenye nyimbo hizo, mama yangu ni mpigaji wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na baadaye nilikwenda kusoma muziki chuoni. Mwaka wa kwanza nilijionea aibu sauti za nyumbani, kwa sababu nilizilinganisha na piano na hazikukaa. Mwaka wa pili tukasoma fizikia ya sauti, nikalia darasani. Nitakueleza kilichoniliza.

Uzi wowote ukitetemeka hautoi sauti moja. Unatetemeka mzima, wakati huohuo kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo, na kuendelea. Kila kipande kina sauti yake, na hizo sauti zina mpangilio ambao hakuna binadamu aliyeupanga. Zihesabu: uzi mzima ni ya 1, nusu ni ya 2, theluthi ni ya 3. Ya 4, 5 na 6 ni do, mi, so. Ya 8 ni do ya juu, ya 9 ni re, ya 10 ni mi. Na ya 7 inaanguka kati ya la na ti, karibu na B bemoli, do ikiwa C, ila chini yake. Wataalamu waliouchunguza uimbaji wa Wagogo, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameonyesha kwamba ngazi yetu inatoka humohumo, kwenye sauti ya 4 mpaka ya 9 au 10. Ukiitandaza unapata sauti 5: do, re, mi, so na hiyo ya saba. Bibi yako anaimba kile uzi wenyewe unachokisema.

Kinanda ndicho kilichosogezwa. Ili mtu aweze kuhama kutoka ki hadi ki bila kutyuni upya, oktavo, yaani kutoka do hadi do ya juu, iligawanywa hatua ndogo 12 zinazolingana. Kila hatua inahesabiwa senti 100. Faida yake umeiona, transpozi yako isingewezekana bila hiyo. Gharama yake ni kwamba sauti karibu zote zimesogezwa kidogo. Mi ya kinanda imepandishwa senti 14 juu ya ile ya uzi. Na B bemoli ya kinanda ipo senti 31 juu ya ile ya bibi, karibu theluthi ya hatua. Hiyo ndiyo kelele unayoisikia.

Hata wanavyogawana sauti wana kanuni. Mmoja akiwa kwenye sauti fulani, mwenzake anaruka sauti moja ya ngazi na kushika inayofuata, wanakwenda pamoja hivyo juu na chini. Sikiliza rekodi yako tena, utaisikia. Mimi niliambiwa hivyo na mama kwa Kigogo, bila namba hata moja: "Usimkanyage mwenzako, mruke."

Kaka wa gitaa naye asikie kwa masikio yake. Uzi wa 6, ule mnene, gusa kidogo bila kukandamiza. Kwenye freti ya 12, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, unapata sauti ya 2, freti ya 7 unapata sauti ya 3, freti ya 5 unapata sauti ya 4. Sasa shuka mpaka nyuma kidogo ya freti ya 3, upande wa vigingi vya kutyunia, tafuta taratibu, itatoka nyembamba sana. Hiyo ni sauti ya 7. Ilinganishe na uzi wa kwanza ukikandamiza freti ya 10.

Mwalimu wa Kwaya, Mstaafu

Mwanangu wa Chamwino, umenigusa mahali pabaya, nami nitasema.

Mwaka 1987, Kongwa, nilikuwa na mama mmoja wa sauti ya kwanza. Sauti kama kengele. Kila tukifika kwenye ti, yeye alikuwa chini kidogo. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo, nina uma wangu wa kutyunia mfukoni, najiona nimeiva. Nilimsimamisha mbele ya wenzake mara tatu jioni moja. Nilimwambia sauti yake imechuja. Hakurudi tena kwaya. Alikuwa mwimbishaji kwenye ngoma za kijijini kwao, watu walitembea kutoka vijiji vya jirani kumsikiliza, na mimi niliyajua hayo.

Nadharia niliyokuwa nayo ilikuwa sahihi kwa karatasi niliyoishika. Nilidhani ni ya watu wote. Wimbo ule ulikuwa wa kitabu, kweli, na kwenye ule ningeweza kumwelekeza pembeni kwa upole. Lakini sikumuuliza hata mara moja yeye anasikia nini.

Kinanda wa Nkuhungu, wimbo wa bibi uimbwe bila kinanda. Ngoma na kayamba vinatosha. Ukishindwa kabisa kujizuia, baadhi ya vinanda vina sehemu ya kurekebisha kila nota peke yake. Ishushe B bemoli hizo senti 31 na mi senti 14, kwa wimbo huo tu, kisha urudishe. Na katibu wenu mpe simu yenye rekodi, asikilize wazee watano wakitua mahali pamoja kila mara. Masikio yaliyochoka hayachoki kwa kiasi kimoja.

Kuandika utaandika. Solfa ina jina la ti iliyoshushwa, inaitwa ta. Weka ta, juu yake chora mshale mdogo wa kushuka, pembeni ueleze mshale ni nini.

Solo la Majengo

Nimekaa na gitaa tangu saa tatu usiku, watoto wamelala. Dada wa Chamwino, ile ya freti ya 5 nimeipata haraka. Sauti ya 7 imenisumbua kama dakika 20, nilikuwa nakandamiza sana. Imetoka. Nimepiga na freti ya 10 ya uzi wa kwanza zikifuatana, kweli ile ya freti ipo juu zaidi, inasikika wazi.

Na nimeitambua. Marehemu baba yangu alikuwa na zeze. Sauti hii alikuwa anaishikilia mwisho wa wimbo. Nimeitafuta kwenye freti miaka yote nikadhani kumbukumbu imenipotea.

Mwalimu, nilichosema kuhusu Zawose nakiondoa.

Kinanda wa Nkuhungu

Wakuu, nimetoka Chamwino jana. Nilimwimbia bibi sauti ile, nikamwuliza wanaiitaje. Akasema haiitwi. Akaniambia nimeiimba juu, akaishusha yeye, akanifanya nirudie mpaka alipoacha kutikisa kichwa. Zilikuwa kama mara 15.

Sauti ya mwanzishaji na ya waitikiaji wawili nimeziandika zote kwa solfa, kurasa mbili na nusu, ta tisa na mishale tisa. Ya waitikiaji wa chini bado, bibi mmoja anayeishika alikuwa ameenda shambani kuvuna mtama. Narudi Jumamosi kabla mtu hajasema mvua ziishe kwanza.

Mwalimu, nikuletee daftari Kikuyu siku gani ulikague?